Katibu Niliyemuua Uani

Kosa litakaloanikwa katika sura hii ni kusema uongo kwa sauti ya mtu anayesoma. Ni uongo wa aina ya pekee, kwa kuwa anayesikiliza hamwamini msemaji bali anaiamini karatasi iliyo mikononi mwake, na msemaji hujificha nyuma ya karatasi hiyo bila mtu kumdai ushahidi. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi. Nimewaadhibu wanafunzi kwa kunakili insha za wenzao, nimesimama mbele ya wazazi nikawahutubia juu ya uaminifu wa kalamu, na katika muda huo wote sikumwambia mtu yeyote kwamba mwaka mmoja, katika ua wa nyumba ya kupanga huko Tandika, niliwasomea watu riwaya ambayo haikuandikwa, na kwamba mama mmoja alimnyima mwanawe msaada aliouomba kwa sababu ya yale niliyoyasoma.

Bi Mwanahawa, mwenye nyumba ile, alifariki mwaka huu. Msibani sikwenda. Nilituma rambirambi kwa simu nikasingizia mitihani, lakini ilipofika khitma ya arobaini sikuwa tena na cha kusingizia, nikaondoka nyumbani kwangu Mbezi Luis asubuhi nikiwa nimejitanda mtandio ambao kila mara hunikaa vibaya, kwa kuwa sikuzoea. Mlangoni palikuwa na mwanaume mnene wa kanzu, ndevu zimeanza mvi, akipokea wageni na kuwaelekeza: wanaume kwenye turubai, wanawake uani. Aliponiona aliinama kidogo akasema, “Shikamoo, Dada Mwalimu,” nami nikaitikia marahaba kwa mazoea ya shuleni kabla sijatambua ni nani. Alikuwa Shaabani, mtoto wa marehemu. Mara ya mwisho nilipomwona, mwili wake ulikuwa kama shati lililotundikwa msumarini. “Umenisahau,” alisema akicheka. “Mie mjumbe wa kamati.” Nyuma yangu watu walikuwa wakisukumana kuingia. Nikapita koridoni, nikaenda kukaa jamvini pamoja na wanawake, mahali pale pale nilipokuwa nikikaa kwenye kigoda nikiwa na gazeti mkononi.

Habari za kwetu bara na jinsi nilivyofika mjini haziongezi kitu hapa. Itoshe kusema kwamba mwaka huo nilikuwa nimehitimu chuo cha ualimu, nasubiri ajira ya serikali, na nilipanga chumba kimoja kwa Bi Mwanahawa, si mbali na soko la Tandika. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma ua uliozungushiwa mabati, wenye choo, bomba moja na majiko ya mkaa ya wapangaji. Kuta ziliishia chini ya paa bila dari, hivyo kila chumba kilisikia maneno ya kingine. Wenzangu niliwajua kwa vikohozi vyao na kwa namna walivyogombana na waume zao kabla sijawajua kwa sura. Kila alasiri Bi Mwanahawa alikaanga vitumbua, na harufu ya hiliki na tui iliingia mpaka kwenye mto wangu wa kulalia. Alikuwa mjane, Mzaramo wa pale pale, mpole wa sauti na mgumu wa uamuzi, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mwanawe huyo mmoja, Shaabani, alikuwa akila unga wa kulevya kwa miaka kadhaa. Vyombo vya ndani vilipoanza kupotea, mama yake alimtoa chumbani, akamwachia kibaraza cha mbele na mkeka.

Katika chumba cha mwisho, karibu na choo, alikaa mwanamke aliyenizidi umri kidogo, Mnyamwezi wa Tabora, aliyefanya kazi katika baa huko Sinza. Nyumba nzima ilimwita Sinza, nami nilimwita hivyo hivyo pale nilipolazimika kumwita. Sisi wawili ndio tuliokuwa Wakristo wa kutoka bara katika nyumba ile, na nilifanya kila juhudi nisionekane naye, nisije nikahesabiwa pamoja naye. Alirudi kazini alfajiri, viatu mkononi, na akimkuta Shaabani amejikunja pale kibarazani humsemesha kwa sauti isiyo na haya: “We Mzaramo, bado tu hujafa? Mie nishaandaa sufuria la ubwabwa wa arobaini.” Naye Shaabani hujibu kwamba Wanyamwezi wana njaa mpaka ya misiba, asubiri zamu yake. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani ana ruhusa ya kutania hata kifo, tena ndiye anayeshika kazi nzito maiti inapokuwa ndani. Hayo niliyajua vizuri. Niliyajibia mtihani chuoni nikapata alama za juu. Lakini nikiwa kitandani nikiwasikia, nilisema moyoni kwamba utani umekuwa kichaka cha watu wasio na adabu.

Gazeti lenyewe lilitoka kila Jumatano, na ukurasa wake wa kati ulibeba riwaya ya kuendelea iliyoitwa Akidi Imelala. Ilihusu mateja wanne, yaani wala unga, wanaoishi chini ya daraja ambao, baada ya mwenzao kuzikwa na manispaa bila jina, wanaamua kuunda kamati ya mazishi ili kila mmoja wao azikwe kwa heshima. Wanachagua Mwenyekiti, Katibu, Mtunza Hazina asiye na hazina, na Mjumbe mmoja ili awepo wa kuongozwa. Kila kikao kinafunguliwa kwa utaratibu, ajenda zinasomwa, na kabla ya kufika kwenye mengineyo wajumbe wote wanakuwa wamezama: kila mmoja ameinama polepole mpaka paji la uso linakaribia magoti, haanguki, halali, hayupo. Katibu, ambaye ndiye mwenye bidii kuliko wote, anazinduka na kuandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba akidi imetimia lakini imelala. Niliposoma sentensi hiyo kwa mara ya kwanza, peke yangu chumbani, nilicheka kwa sauti, kisha nikakasirika kwa kuwa nimecheka. Sasa, katika umri huu, nadhani hasira ile ndiyo iliyoniendesha kuliko imani yangu yote. Mtu mwenye msimamo mkali huvumilia kupingwa. Asichovumilia ni kuchekeshwa na kitu alichokwisha kukilaani.

Juu ya kila sehemu ya riwaya palichapwa namba ya simu ya mwandishi, na chini palikuwa na kisanduku cha ujumbe wa wasomaji. Nilikisoma kisanduku hicho kwa hamu kuliko riwaya. Mstaafu mmoja alitaka mwandishi akamatwe kabla hajawaharibu wajukuu. Dereva wa lori aliuliza kamati hiyo inakutana wapi, kwa kuwa kamati ya mtaa wake haijawahi kutimiza akidi hata ikiwa macho. Mama mmoja aliandika kwamba alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akakumbuka kwamba anayacheka ya nyumbani kwake, akashindwa kula. Nami niliandika. Nilimwambia mwandishi kwamba anawafanya vijana waone uteja ni kichekesho, na kwamba angewauliza wazazi wenye mateja kama wanapata nafasi ya kucheka. Nikaweka sahihi ya Mwl., Tandika. Ujumbe ulichapwa, na chini yake palikuwa na jibu fupi la mwandishi: “Nimewauliza, Mwalimu. Wao ndio wanaonipa vichekesho.” Nililikunja gazeti lile nikaliweka chini ya godoro kama mtu anayeficha barua ya matusi.

Bi Mwanahawa ndiye aliyeniomba niwasomee. Haikuwa kwamba wanawake wa uani hawakujua kusoma. Walijua, lakini alasiri mikono yao ilikuwa kwenye mchicha na dagaa, macho yake yeye yalikuwa na ukungu, na wote waliona ni jambo la kawaida kwamba nyumba ikiwa na mwalimu, mwalimu atasoma. Alikuwa amesikia sokoni kwamba ipo hadithi ya mateja, na alinipa sababu yake waziwazi, huku akigeuza vitumbua: alitaka kujua huko ndani ya kichwa cha mtoto wake mnakuwaje, maana mwenyewe akimwuliza humwambia yuko salama. Niliguswa, na wakati huo huo nikajiona nimekabidhiwa madaraka. Wiki ya kwanza nilibadilisha neno moja tu, la matusi. Wiki iliyofuata nikaruka mzaha mmoja uliomhusu shehe. Baadaye nikaanza kuruka kila kitu kilichonichekesha, kwa imani kwamba kilichonichekesha mimi kitawapotosha wao. Mahali nilipoacha pengo nikaziba kwa sentensi zangu, zenye majuto na maonyo, na kwa kuwa nilijua kuiga mtindo wa mtu, hakuna aliyehisi mshono. Hata hivyo walicheka. Walimpenda Katibu. Mama Asha, aliyepanga chumba cha kati, alikuwa akisema kuwa yule bwana angezaliwa Masaki kwa matajiri angekuwa mbunge.

Alikuwepo mmoja aliyehisi mshono. Nilianza kumsikia wiki ya nne au ya tano, nje ya mabati, upande wa choo, mahali ambapo mtu angeweza kukaa juu ya tofali bila kuonekana. Alicheka kabla mzaha haujafika. Alicheka, na hilo ndilo lililonitia jasho, mahali nilipopaacha. Nikishuka haraka kutoka aya ya tatu kwenda ya tano, kicheko kilitoka nje ya mabati kwa ajili ya ile ya nne. Shaabani alikuwa amekwisha kuisoma asubuhi, akiwa amesimama mbele ya meza ya muuza magazeti pamoja na wanaume wengine wasio na kazi, na alasiri alikuja kuisikiliza tena kwa raha zake. Katika kisanduku cha wasomaji wiki hizo ulitokea ujumbe uliosema: “Mwandishi, mie ni teja wa Temeke. Umesema kweli, arosto inaanza na miayo, halafu kamasi, halafu mifupa. Nakuomba kitu kimoja, usimuue Katibu. Mjumbe.” Arosto ndilo jina wanaloupa ugonjwa wa kukosa unga. Ujumbe huo niliuruka pia.

Ndipo ikaja sehemu ambayo bado naweza kuikariri, kwa sababu nimeikariri bila kutaka kwa miaka yote hii. Katibu anaamka akiwa na arosto, anakwenda kwa dada yake ambaye hawajasemeshana muda mrefu, na dada yake, bila hotuba yoyote, anavaa kandambili na kumpeleka hospitali, kwenye dirisha ambapo mateja hunyweshwa dawa kila asubuhi badala ya unga. Muuguzi anasema asiye na ndugu wa kumsimamia hapokelewi. Dada anasema ndugu ni yeye. Kisha panafuata ukurasa mzima wa vichekesho juu ya foleni ya dirisha lile, mateja watupu, wezi wa mifuko wa muda mrefu, na ndiyo foleni pekee katika jiji zima ambayo hakuna mtu anayeruka zamu. Katibu anatoa karatasi yake na kuandika kwamba akidi imetimia na imesimama. Nilisoma hayo chumbani asubuhi. Niliona mwandishi anawaambia vijana kwamba unga una mlango wa kutokea, na kwamba atakayejua upo mlango wa kutokea hataogopa kuingia. Alasiri nikakaa kwenye kigoda, nikafungua gazeti, nikamuua Katibu. Niliwasomea kwamba alikutwa asubuhi kwenye mtaro, mdomo umejaa mchanga, karatasi zake zimelowa, na kwamba kamati ilikutana kumzika lakini akidi haikutimia. Nilisoma vizuri. Mama Asha alilia kwenye upande wa khanga. Kwa mara ya kwanza nje ya mabati hapakuwa na kicheko.

Bi Mwanahawa aliweka chini kile kijiti chake cha kugeuzia vitumbua. Mafuta yaliendelea kuchemka na kitumbua kimoja kikaanza kuungua bila yeye kukiangalia. Akaniuliza, kwa sauti ya chini kama anayeuliza bei ya kitu ambacho hatakimudu, “Mwanangu, katika hicho kitabu chote, hapana hata mmoja anayepona?”

“Hapana, mama,” nikamjibu. “Hapana anayepona.”

Siku iliyofuata Shaabani aliingia uani, jambo ambalo alikuwa hathubutu kulifanya mchana. Alikuwa ameoga. Alichuchumaa mbele ya mama yake na kumwomba waende hospitali wote wawili, kama Katibu na dada yake, kwa sababu bila ndugu hawatampokea. Alisema alikwenda peke yake akarudishwa. Mama yake akamwambia Katibu amekufa, kila mtu hapo amesikia. “Hajafa, mama. Dada Mwalimu ameruka. Mwambie alete gazeti.” Gazeti lilikuwa chini ya godoro langu, hatua chache tu kutoka hapo. Wanawake wote walinitazama, wala si kwa shaka. Walinitazama kwa namna mtu anavyomtazama mwalimu mtoto mtukutu anapomsingizia. Ningeweza kunyamaza, na kunyamaza kungekuwa kosa dogo zaidi. Nikasema: “Mama, kati yangu na yeye, anayekula unga ni nani?” Mtu mmoja akacheka. Bi Mwanahawa akamwambia mwanawe atoke, arudi kibarazani kwake, na asimdhalilishe mpangaji wake tena. Shaabani alitoka akiwa anapiga miayo, mmoja baada ya mwingine, na mimi, niliyesoma ile miayo ni dalili ya nini, nilijiambia kwamba ni usingizi.

Baada ya hapo sikusoma tena uani. Niliwaambia riwaya imeisha. Haikuwa imeisha, iliendelea kwa miezi, nami nililinunua gazeti na kulisoma nikiwa nimefunga mlango, nikamwona Katibu akinenepa, akigombana na dada yake juu ya sabuni, akiitisha vikao visivyolala. Wasomaji walikuwa wamegawanyika. Yule mstaafu alisema sasa hadithi imekuwa ya serikali na haichekeshi. Wengine walishukuru. Yule mama aliyeshindwa kula aliuliza dirisha hilo lipo kweli au ni la kwenye hadithi. Na wiki moja, katikati ya ujumbe mwingine, niliona mstari mfupi: “Kamati, leo nimekunywa. Nimepata wa kunisimamia. Mjumbe, Tandika.” Wiki hiyo hiyo, alfajiri, nilianza kusikia mazungumzo ya kibarazani yakibadilika. Sinza alirudi kutoka kazini, akavua viatu vya baa, akavaa kandambili, na badala ya kwenda kulala akaondoka na Shaabani. Walirudi jua limechomoza. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Nilikuwa na vipande vyote viwili mkononi. Nimejiuliza mara nyingi kama sikuviunganisha au kama niliviunganisha nikaamua kutokujua, na jawabu langu hutegemea namna nilivyolala usiku wa kuamkia siku hiyo.

Nyumba ilianza kusema. Walisema Sinza naye ameingia kwenye unga, wengine walisema jambo baya zaidi, na Mama Asha alisema kwamba hata kama ni utani, utani hauanzi kabla ya adhana ya alfajiri. Bi Mwanahawa, kama ilivyokuwa kawaida yake katika mambo mazito, alikuja chumbani kwangu, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaniomba ushauri. Nakumbuka sahani ya vitumbua aliyoniletea, imefunikwa kawa. Nilimwambia kwamba mwanamke wa baa akitoka alfajiri na teja kuna mahali pamoja tu wanakoweza kuwa wanakwenda, na kwamba nyumba yenye heshima haipangishi watu wawili wa namna hiyo. Maneno hayo sikuyasoma popote. Yalikuwa yangu. Sinza akapewa notisi ya kuhama, na hakujitetea. Baadaye nilifahamu kwamba Shaabani alimwomba asiseme, kwa kuwa alitaka kwanza anenepe, ndipo mama yake aone kwa macho yenyewe bila kuambiwa na mtu. Siku ya kuhama aliburuta begi lake koridoni, akasimama kwenye pazia la mlango wangu. Nilitegemea matusi, nami nilikuwa nimeandaa jibu. “Mwalimu,” akasema, “mie naenda Tabata kwa mwenzangu. Kesho alfajiri nani atampeleka huyu Mzaramo?” Nikainamisha uso kwenye kitabu kilichokuwa mapajani mwangu na kujifanya nasoma. Alingoja kidogo, kisha nikasikia begi likiendelea kuburutwa. Mwezi uliofuata ajira yangu ikatoka, nikahama, na kwa muda mrefu nilijihesabu kuwa mtu aliyepita Tandika bila kuchafuka.

Siku ya arobaini, baada ya pilau kuliwa na sinia kuondolewa, Shaabani aliniita koridoni. Tulisimama karibu na mlango wa kilichokuwa chumba changu. Sasa kuna kijana anashonea nguo humo. Alinieleza mambo kwa kicheko kile kile cha nje ya mabati. Alisema siku ya kwanza muuguzi alimwuliza Sinza ni nani wake, naye akajibu kwamba ni mtani. Muuguzi akasema wanataka ndugu. Basi Mnyamwezi akaweka mikono kiunoni: “Ndugu ataleta sanda tu. Atakayechimba kaburi la huyu ni mie, na mie kazi hiyo siitaki. Mpeni dawa.” Foleni yote ilicheka, mpaka muuguzi, na Sinza akaandikwa kuwa msimamizi. Alipofukuzwa hakuacha. Kila alfajiri alitoka kazini, akapitiliza moja kwa moja mpaka geti la hospitali, akakaa na Shaabani kwenye foleni akisinzia begani kwake, kisha akaenda kulala Tabata. Alifanya hivyo mpaka Shaabani alipoaminiwa kwenda mwenyewe. Sasa amerudi kwao Tabora, ana duka la vitenge, na hupiga simu kuuliza kama Mzaramo bado anapumua.

Nikamwuliza kama mama yake aliwahi kujua kuhusu gazeti. Alisema alijua. Yeye Shaabani alipopona alitafuta matoleo ya zamani, akamsomea mama yake, pale pale uani, yote mpaka mwisho. Nikauliza alisema nini.

“Alicheka kwenye akidi. Alicheka sana, Dada Mwalimu, mpaka akakohoa. Halafu akauliza yule dada wa chumba cha mwisho yuko wapi.”

“Na kuhusu mimi?”

“Kuhusu wewe hakusema kitu.”

Hakulisema kwa ukali. Kisha akanieleza alichoniitia. Mama yake, kabla ya kukata kauli, aliacha neno kwamba yule mwanamke aombwe radhi kwa sauti, mbele ya nyumba iliyomfukuza, kwa kuwa kumwomba kwa simu peke yake ni rahisi mno. Msemaji wa familia alikwisha kuomba radhi ya jumla kwenye turubai, kama ilivyo desturi, lakini wanaume wa kwenye turubai hawakumfukuza mtu. Waliomfukuza walikuwa uani. Yeye akisimama kusema, watasema teja anamtetea mwenzake. “Wewe sauti yako wanaijua,” alisema. “Hawajawahi kuibishia.”

Nilisimama karibu na bomba. Wengi wa wale wanawake walikuwa wageni kwangu, lakini Mama Asha alikuwepo, amezeeka, na wengine wawili wa zamani. Nilianza kwa neno la marehemu kama nilivyokabidhiwa, na hapo ningeweza kuishia. Lingekuwa kweli, na lingekuwa pengo jingine, maana lingemwacha Bi Mwanahawa peke yake na kosa ambalo nusu yake ni langu. Kwa hiyo niliendelea. Niliwaambia kwamba mwaka ule Katibu hakufa. Nilisema kwamba gazetini alipelekwa hospitali na dada yake, kwamba niliyasoma hayo kwa macho yangu, na kwamba yule wa kwenye mtaro nilimtunga mimi, kisha nikamwita Shaabani mwongo, kisha nikashauri mwanamke aliyekuwa akimpeleka afukuzwe. Sauti yangu, ambayo hunyamazisha darasa zima, ilikuwa ikikatika. Halafu Mama Asha, aliyekuwa akisafisha meno kwa kijiti, akauliza kama mtu aliyesubiri kwa miaka yote hiyo: “Kumbe alipona?”

“Alipona, mama.”

“Ah,” akasema. “Mie nilimlilia bure.”

Baadhi walicheka, na mmoja akafuta macho, na sikujua kipi kati ya kicheko na machozi kilinistahili. Nikasema kwamba basi, kwa niaba ya marehemu, na kwa nafsi yangu pia, naomba radhi kwa dada yetu, na nilipofika hapo midomo ikabaki wazi. Nilikuwa nimelala miezi mingi nyuma ya ukuta usiofika paani, nikimsikia akikohoa, akitania, akivua viatu. Nilikuwa nimemhukumu na kumhamisha. Na sikuwahi kumwuliza anaitwa nani. Sikuweza kusema Sinza mbele za watu wale. Shaabani alikuwa amesimama mlangoni mwa korido, simu iko mkononi. Nikamgeukia, wote wakinitazama, nikamwomba anitajie jina la mwanamke yule ili nimalize sentensi yangu.

“Skolastika,” akasema, nami nikalirudia: Skolastika.